Sura ya Saba: Mkono Haupigiwi Ramli

Nimechoka kusikia mambo matatu kuhusu mkono ulioumia. La kwanza: "Vidole vinacheza, basi hakuna kilichoharibika." La pili: "Kidonda chenyewe ni kidogo." La tatu: "Hiyo ganzi ni damu haifiki." Husemwa kwa uhakika mkubwa, tena si na majirani peke yao. Nimewasikia wenye makoti meupe wakiyarudia. Yote matatu ni makosa, na sehemu kubwa ya sura hii itatumika kuyavunja.

Hapa Illasit, mpakani mwa Kenya na Tanzania, chini ya Kilimanjaro, mtu akipoteza mkono amepoteza kazi. Nyanya na vitunguu hulimwa kwa maji ya mfereji na huvunwa kwa vidole. Ng'ombe hukamuliwa, shanga hutungwa, kreti hupakiwa, bodaboda huendeshwa. Mkulima asiyeweza kukunja kidole cha shahada hashiki jembe sawasawa, na mama asiyehisi ncha ya gumba hatungi shanga. Ndiyo maana hainiingii akilini mtu apimwe mkono kwa dakika moja huku mpimaji akiongea na simu.

Upimaji wa mkono una hatua tano: kutazama, kugusa, kusogeza, kupima hisia, kupima damu. Vifaa vyake havina gharama: meza, mwanga mzuri, kalamu, klipu ya karatasi, na mkono wa pili wa mgonjwa, ambao ndio kipimo cha kulinganishia. Nitazifuata hatua hizo kwa mpangilio kadiri nitakavyoweza.

Kabla ya yote, uliza maswali manne. Anatumia mkono gani zaidi? Anafanya kazi gani? Aliumia lini? La nne husahaulika, nalo lina uzito kuliko yote: wakati unakatika, mkono ulikuwa umekaaje? Mtu aliyedaka makali ya panga kwa kiganja alikuwa amekunja vidole. Akifika kliniki amevinyoosha. Kano iliyokatika imehama pamoja na kidole, na ukichungulia kidondani utaona kano nzima, nyeupe, inayong'aa. Sehemu iliyokatika iko sentimita moja au mbili mbele zaidi, chini ya ngozi isiyo na alama yoyote. Mwambie akunje vidole tena kama alivyokuwa, ndipo uchungulie.

Kutazama

Mlaze mgonjwa kiganja juu, mwambie alegeze. Vidole vilivyolegea hukaa vimejikunja kidogo, kila kimoja zaidi ya kilichotangulia, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho. Kidole kimoja kikilala kimenyooka katikati ya wenzake waliojikunja, kano za kukikunja zimekatika. Hujamgusa mgonjwa, hujamuuliza neno, na jibu umelipata. Kwa mtoto anayelia, au mlevi aliyeletwa usiku, kielekeze kifundo cha mkono nyuma taratibu. Vidole vizima vitajikunja vyenyewe, na kile kilichokatika kitabaki wima.

Halafu mwambie afumbe ngumi polepole. Vidole vyote huelekea upande mmoja, kwenye shina la gumba. Kimoja kikimpanda mwenzake, mfupa umevunjika na kuzunguka. Picha ya eksirei huweza kuonyesha ufa mdogo usiotisha, lakini kidole kikiunga hivyo hakitashika mpini maishani.

Kwenye kutazama pia kuna habari za mwili mzima. Weupe wa kiganja cha mtoto ni dalili rasmi ya upungufu wa damu katika mwongozo wa kuhudumia watoto wagonjwa (IMCI) uliotungwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF. Mhudumu hukilinganisha kiganja cha mtoto na chake mwenyewe. Kucha zilizovimba na kupinda kama mgongo wa kijiko zina kipimo chake, kilichoelezwa mwaka 1976 na Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, aliyekigundua kwenye mikono yake mwenyewe akiwa mgonjwa. Gusanisha kucha mbili za vidole vinavyofanana, mgongo kwa mgongo. Kwa mtu wa kawaida huonekana kidirisha kidogo chenye umbo la almasi. Kidirisha kikitoweka, kachunguze mapafu na moyo.

Mistari ya kiganja haisemi umri wa mtu, idadi ya wake wala safari ya Dubai. Ni mikunjo ya ngozi, na hutokea mtoto akiwa bado tumboni. Na kiganja kikiwasha, tafuta upele.

Kugusa

Hapa naingiza mambo mawili ambayo hapa kwetu Kajiado yameharibu vidole vingi.

La kwanza ni mwiba. Mchungaji huchomwa na mwiba wa mgunga kidoleni, anautoa, anaendelea na ng'ombe. Siku ya pili au ya tatu kidole kimevimba chote. Jirani anamwambia angoje kiive ndipo kitumbuliwe, kama jipu la mgongoni. Usingoje. Allen Kanavel, daktari wa upasuaji wa Chicago, alieleza dalili za usaha ulioingia ndani ya ala ya kano: kidole kimevimba sawasawa tangu shina hadi ncha, kimejikunja chenyewe, kinauma ukibonyeza mstari wa kano upande wa kiganja, na maumivu hupanda vikali ukijaribu kukinyoosha. Hii ya mwisho huwa ya mapema. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji chumba cha upasuaji leo hii. Ala ya kano ni nyembamba na haina nafasi ya usaha. Kinachoiva humo ni kano yenyewe kufa.

La pili ni jino. Kijana anakuja na kidonda kidogo juu ya fundo la ngumi, kwa kawaida kidole cha kati. Anasema alijikata na mabati. Mwambie afumbe ngumi, uone kidonda kimekaa wapi. Kikiwa juu kabisa ya fundo, hilo ni jino la mtu mpaka ithibitike vinginevyo, na mabati hayana hatia. Usigombane naye wala usimwulize aligombana na nani, lakini usikishone. Mdomo wa binadamu umejaa vimelea, na jino lililogonga fundo la ngumi mara nyingi limeingia ndani ya kiungo. Kisafishwe, kiachwe wazi, apewe dawa za kuua vimelea, na aonwe tena kesho yake. Ukikishona unafungia uchafu ndani, na kiungo kinaweza kuoza kwa siku chache.

Bado kuna shimo moja la kubonyeza. Inua gumba lako kama mtu anayeomba lifti barabara ya Emali. Upande wa gumba wa kifundo cha mkono patatokea kishimo katikati ya kano mbili. Chini yake umelala mfupa mdogo uitwao skafoidi. Kijana wa bodaboda aliyeanguka akajikinga kwa kiganja, kisha akaruka ukimbonyeza hapo, mchukulie kuwa amevunjika hata kama eksirei ya siku ile ni safi. Ufa wa skafoidi mara nyingi hauonekani mwanzoni. Mfunge, rudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huu hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia ncha ya mbele, kwa hiyo ukivunjika katikati, kipande cha nyuma huweza kukosa damu na kufa. Na anayekandwa mafuta ya moto kwa "kuteguka" tangu mwezi uliopita, huku akiumia kwenye kishimo hicho, aache kukandwa.

Kusogeza

Sasa kosa la kwanza: "Vidole vinacheza." Kila kidole, mbali na gumba, kina kano mbili za kukikunja upande wa kiganja. Ya juu huishia kwenye pingili ya kati, ya ndani huenda mpaka pingili ya ncha. Ya juu ikikatika peke yake, ya ndani bado itakunja kidole kizima. Ya ndani ikikatika peke yake, kidole bado kitajikunja kwenye kiungo cha kati. Mtu anaweza kupoteza nusu ya mashine na kidole kikaendelea kucheza. Anayesema "kunja vidole", akaona vimekunjika, akaanza kushona, hajapima kitu.

Kano ya ndani hupimwa hivi: shika pingili ya kati isisogee, mwambie akunje ncha. Isipokunjika, kano imekatika. Kano ya juu hupimwa kwa kuvishikilia vidole vingine vyote vikiwa vimenyooka mezani, kisha unamwambia akunje kile kimoja ulichokiacha. Ujanja wake ni huu: kano za ndani za vidole hivyo hutumia misuli ya pamoja, kwa hiyo ukivizuia vitatu unaizuia na ya nne. Kidole kikikunjika kwenye kiungo cha kati huku ncha ikining'inia imelegea, kano ya juu ni nzima.

Kipimo hicho kina vighairi viwili, na wanafunzi hunilalamikia nikiviuliza. Kidole cha shahada hudanganya, kwa kuwa kano yake ya ndani ina sehemu yake ya misuli isiyotegemea wenzake. Kidole cha mwisho nacho, kwa watu wengi tu, kano yake ya juu haifanyi kazi peke yake tangu kuzaliwa. Kwa hiyo linganisha na mkono mzima kabla ya kutangaza msiba.

Pima pia kwa kukinza. Kano iliyokatika nusu hukunja kidole, lakini mgonjwa hushtuka ukiweka kidole chako dhidi yake. Ukimruhusu aende akabebe kreti, nusu iliyobaki inaweza kukatikia njiani. Iliyokatika kabisa hurudi ndani ya ala na kupotea, jinsi kamba ya suruali inavyopotelea ndani ya upindo, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo kuivuta kunavyokuwa kugumu.

Hilo linajibu kosa la pili. Ukubwa wa kidonda hausemi chochote juu ya kilichokatika chini yake. Kipande cha chupa chenye ncha kinaingia kwa upana wa punje ya mahindi na kukata kano mbili na mshipa wa fahamu. Panga butu linaweza kupasua ngozi ya kiganja kizima na kuacha kila kitu salama. Damu nyingi huogopesha na kidonda kidogo hutuliza. Vyote viwili hupotosha.

Hisia

Tukifika kosa la tatu, mpangilio wangu huharibika kila mara. Ganzi ya vidole, katika visa vingi sana, haina uhusiano na damu. Kidole kilichokosa damu huwa baridi, cheupe au cheusi, na huuma. Kidole chenye joto na rangi nzuri lakini kisichohisi kina tatizo la mshipa wa fahamu, na vidonge vya "kufungua mishipa" havitakifaa. Mama mjamzito, au mwenye kisukari, au fundi wa shanga, anayeamka usiku gumba na vidole viwili vya jirani vimekufa ganzi, akaning'iniza mkono na kuupunga mpaka vifufuke, hana kiharusi. Mshipa wa kati umebanwa kifundoni. Mwambie aning'inize viganja kwa kukunja vifundo, migongo ya mikono ikiwa imekutana, kwa sekunde 60. Ganzi ikija, umepata jibu. Kwa wengi, matibabu huanza kwa gango la kukinyoosha kifundo wakati wa kulala.

Mkono unahudumiwa na mishipa mitatu ya fahamu, na kila mmoja una kiwanja chake. Mshipa wa kati: ncha ya kidole cha shahada. Mshipa wa upande wa kidole kidogo: ncha ya kidole hicho. Mshipa wa tatu: ngozi ya mgongoni, kati ya gumba na shahada. Gusa kwa ncha za klipu ya karatasi iliyonyooshwa, moja au mbili kwa pamoja, macho yakiwa yamefumbwa, na uulize ni ngapi. Ncha ya kidole kizima hutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa milimita zisizofika 6. Usiulize "Unasikia?" Mgonjwa mwenye adabu atasema anasikia ili kukuridhisha.

Hapo ndipo ninapoiacha klipu na kutoa shanga. Mwaka 1958 Erik Moberg, daktari wa upasuaji wa mkono huko Uswidi, alitetea kipimo rahisi: mwagia mezani vitu vidogo, mwambie mgonjwa aviokote macho wazi, kisha macho yamefumbwa. Yeye alitumia vitu vya nyumbani kwao. Huku Loitokitok, kitu kidogo ambacho karibu kila mama wa Kimaasai amekishika maelfu ya mara ni ushanga. Mama mmoja alikuwa amejikata ubavu wa kidole cha shahada kwa kisu cha kukatia kamba, akashonwa mahali fulani, akaambiwa yuko sawa. "Daktari, kidole kimepona," akaniambia, na kweli kovu lilikuwa zuri na kidole kilikunjika chote. Nikamwomba, "Mama, ziokote uweke kwenye kifuniko." Akaziokota haraka kuliko nilivyotarajia. "Sasa fumba macho." Mkono uleule ukabadilika. Gumba likaanza kukutana na kidole cha kati, na kidole cha shahada kikanyooka kando, kimekaa pembeni kama mgeni asiyejua kazi. Yeye hakujua anafanya hivyo. Ubongo ulikuwa umekwisha kukifuta kazini kidole kisichohisi, na mshipa wake mdogo wa fahamu ulikuwa umekatika chini ya kovu lile zuri. Hakuna swali la mdomo lingelipata jibu hilo, wala hakuna picha ya eksirei ingeuonyesha, maana eksirei haionyeshi mishipa ya fahamu wala kano.

Kwa mtoto asiyekubali kujibu, tumia maji. Mwaka 1973 daktari Seamus O'Riain aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba ngozi iliyopoteza mshipa wake wa fahamu haikunjamani majini. Loweka mkono ambao jeraha lake limeshafunga katika maji ya uvuguvugu ya nyuzi 40 kwa dakika 30. Vidole vizima vitakunjamana kama vya mtu aliyefua nguo asubuhi nzima, na kilichokatika mshipa kitabaki laini. Njia nyingine ni jasho: ngozi isiyo na mshipa wa fahamu haitoi jasho, kwa hiyo kalamu ya plastiki huteleza juu yake, wakati juu ya ngozi nzima hukwama kidogo.

Jasho linanikumbusha zile mashine zinazotembezwa sokoni na makanisani. Mtu anashikishwa fimbo ya chuma kiganjani, kompyuta inatoa kurasa nyingi juu ya ini, figo, "sumu za mwili" na mfuko wa uzazi, na muuzaji ana dawa tayari mkobani. Ikiwa fimbo hiyo inapima chochote, ni jinsi umeme unavyopita juu ya ngozi, na hilo hubadilika kwa jasho na kwa nguvu ya kushika. Jasho la kiganja linaweza kutueleza habari za mshipa wa fahamu wa kiganja hichohicho. Halina habari za ini. Kupiga ramli kwa kompyuta bado ni ramli, tofauti ni kwamba mganga wa zamani hakutoa risiti.

Na asiyehisi mkono huumia bila kujua. Paul Brand, daktari aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma havianguki vyenyewe. Ukoma huua mishipa ya fahamu, kisha sufuria, misumari na vidonda visivyouguzwa humaliza vidole. Kenya tulikuwa na hospitali ya ukoma Alupe, Busia, na bado wapo wanaouita ugonjwa huo laana. Vimelea vyake viligunduliwa mwaka 1873, na dawa zipo. Mtu mwenye doa lisilohisi na kidole kidogo kinachojikunja, mpapase nyuma ya kiwiko upande wa ndani. Mshipa ulionenepa hapo ni sababu ya kumpeleka hospitali mara moja.

Damu

Imebaki nafasi ndogo, lakini hatua hii nayo ni fupi. Bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Pete na bangili za shanga zivuliwe mapema, hasa kwa aliyeumwa na nyoka, kabla uvimbe haujazifungia. Na aliyefungwa banzi na fundi wa mifupa, akilalamika maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na akipiga kelele ukimnyoosha vidole, fungua banzi sasa hivi. Usingoje vidole viwe vyeusi. Misuli iliyobanwa saa nyingi hufa na kusinyaa, na mkono hubaki umejikunja maisha yote.

Kabla ya sindano

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa na sisi wenyewe tunaoshona: kudunga dawa ya ganzi kwanza, kisha kupima. Ukishadunga, hisia imekwenda, na huwezi tena kujua kama kidole kilikufa kwa chupa au kwa sindano yako. Pima hisia, pima kano zote mbili za kila kidole, andika ulichoona kwa jina la kidole na saa, ndipo udunge. Ukikuta kano au mshipa wa fahamu umekatika, safisha, funika, weka banzi, hakikisha chanjo ya pepopunda, na mpeleke kwa mtaalamu katika siku za mwanzo. Kwa aliye Illasit, hospitali ya KCMC ya Moshi, Tanzania, iko karibu kuliko Nairobi, na mpaka wa Tarakea umezoea kupitisha watu na nyanya kila siku. Barua ya rufaa iseme kidole kipi hakikunjiki, kwenye kiungo kipi, na ncha ipi haihisi. "Mkono umekatwa" haimwambii daktari wa upasuaji kitu ambacho hawezi kukiona mwenyewe.